Silinda ya breki ya nyuma kwa gari la zamani: maswali ya wenye magari Kailo

Silinda hiyo ni kitu gani?
Ni kipande kifupi cha chuma chenye tundu, kilichofungwa ndani ya drami ya gurudumu. Ukikanyaga breki, ambayo kwetu wengi huiita freni, mafuta ya breki husukuma pistoni, yaani kizibo kinachoteleza ndani ya tundu. Pistoni nayo hubana shuu za breki kwenye drami.

Nitajuaje saizi yake?
Kinachopimwa ni upana wa tundu, si urefu wa silinda. Mara nyingi namba imechongwa ubavuni: inchi 3/4 ni milimita 19.05, inchi 7/8 ni milimita 22.2. Usitegemee jina la gari peke yake. Kwa mfano, Land Rover Series fupi, ya inchi 88 kati ya ekseli, kwa kawaida ilikuwa na drami za inchi 10, na ile ndefu ya 109 za inchi 11.

Husemwa silinda kubwa hushika zaidi. Ni kweli?
Kwa gurudumu lile, ndiyo, na ndiyo sababu maneno hayo yameenea. Kutoka 3/4 hadi 7/8, nguvu huongezeka kwa takriban asilimia 36. Hatari iko hapa: gari likifunga breki, uzito huegemea mbele na nyuma huwa nyepesi. Nyuma ikishika kupita mbele, magurudumu yake huacha kuzunguka na gari hugeuka ubavu, hasa barabara ya Kindu ikiwa na tope. Tena silinda kubwa huhitaji mafuta mengi zaidi, hivyo kanyagio huzama.

Na ndogo kuliko ya asili?
Breki za mbele hubeba kazi zaidi, na gari huchelewa kusimama.

Moja ikivuja, nizibe mrija wake?
Hapana, gari litavuta upande mmoja. Badilisha zote mbili za nyuma kwa saizi ileile, na usitie mafuta ya injini badala ya mafuta ya breki, kwani huvimbisha raba. Vumbi la shuu kuukuu lisipulizwe. Lilowanishwe kwa maji, kwa sababu huenda lina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu.

Naweza kudai nini kwa muuzaji na fundi?
Omba kuonyeshwa namba ya silinda kabla ya kulipa, upewe risiti, na urudishiwe kipuri cha zamani ukilinganishe na kipya. Fundi akishatoa hewa kwenye mafuta, lijaribuni gari pamoja mahali tambarare, polepole, bila abiria wala mzigo.