Dondoo muhimu: Kumpata fundi wa kung'arisha gari

Wa kumwagia gari maji hakosekani. Wa kumwachia rangi, siti na funguo ndiye wa kutafutwa.

1. Kagua gari alilomaliza, si picha za simuni. Mulika boneti kwa tochi: ukiona mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui, aga uende.

2. Tazama vitambaa vyake. Kikidondoka chini kisha kikarudishwa kwenye bodi, mchanga utakwangua rangi.

3. Uliza sabuni. Ya unga ni ya nguo. Gari lina shampuu yake.

4. Polishi ya mashine hula tabaka la juu la rangi, na likiliwa halirudi. Anayeahidi kufuta kila mkwaruzo bila hata kuupima kwa kucha, mkwepe. Unaonasa kucha mara nyingi ni kazi ya mpiga rangi.

5. Usikubali polishi kwenye boneti yenye moto wa jua.

6. Asiyefunika altaneta na boksi la fyuzi asiielekezee injini mashine ya presha.

7. Siti za kitambaa zitakaukaje? Zikifungiwa mbichi hunuka uvundo, na marashi hayatasaidia.

8. Andikianeni bei na kazi, hata kwa ujumbe wa simu.

9. Kabla ya kukabidhi funguo, piga picha pande zote, kilomita na geji ya mafuta. Uliza pia nani atalisogeza gari, na kama ana leseni. Wengi husahau hili.

10. Lipokee mchana, likiwa kavu, ndipo ulipe.