Labani Haulizi Ilipotea Vipi

SOMO LA WIKI KWA USHIRIKA WA NYUMBANI
Tusome: Mwanzo 31:36–43, Kutoka 22:10–13, Yakobo 5:1–6

Jumapili tulihubiriwa kutoka Mwanzo 31, na baada ya ibada wengi mlisema mngependa tukae zaidi na yale malalamiko ya Yakobo, kwa sababu muda ulituishia. Basi wiki hii tukae nayo. Na kwa kuwa tuko Machakos, ambako ni vigumu kupata ukoo usio na mtu kwenye lori, nitaisoma sura hii vile anavyoisikia dereva aliyelala kwenye kebini ya trela kule Malaba, siku ya tatu, akingoja foleni isonge.

Yakobo alimfanyia Labani kazi miaka 20. Miaka 14 kwa ajili ya mabinti, 6 kwa ajili ya mifugo. Labani hakuwa mtu wa mbali, alikuwa mjomba wake. Tena ukirudi Mwanzo 29:15 utaona alianza vizuri sana: alimwambia Yakobo kwamba undugu wao si sababu ya kufanya kazi bure, ataje mshahara wake. Maneno matamu. Lakini hakuna mahali tunasoma kwamba yaliandikwa. Na kufikia sura ya 31 Yakobo anasema mshahara huo umebadilishwa mara kumi.

Sasa sikiliza Yakobo anavyojieleza kwenye mstari wa 38 mpaka wa 40. Anasema mifugo ya Labani haikuharibu mimba mikononi mwake. Hakujichinjia kondoo wa tajiri. Mchana jua lilimchoma, usiku baridi ikamtafuna, usingizi akausahau. Na mnyama akiraruliwa na simba au fisi, hasara ilikuwa yake Yakobo. Akiibwa mchana, alipe. Akiibwa usiku, alipe. Labani hakuuliza ilipotea vipi. Alichojua ni kuhesabu, na kilichopungua kinakatwa kwa mchungaji.

Mwenye dereva nyumbani kwake ameshaelewa tunaenda wapi.

Ndugu mmoja wa ushirika wetu (amenipa ruhusa kusimulia, ila jina tuliache) aliendesha trela ya kampuni fulani kutoka Mombasa kwenda Uganda. Usiku mmoja usingizi ulimzidi, akaegesha Mtito Andei mahali penye taa, karibu na malori mengine. Alipoamka, betri hakuna, tairi ya spea hakuna, na tangi la dizeli limefunguliwa. Alienda polisi, akaandikisha, akapewa namba ya OB. Akapiga simu yadi. Jibu la kwanza halikuwa “uko salama?” Jibu lilikuwa, “Hiyo utalipa.” Walimkata miezi minne. Mwezi wa pili mke wake alikuja kwangu kuomba pesa ya karo, na mimi nikadhani mume anakunywa pombe. Nisamehewe kwa hilo.

Tufungue Kutoka 22:10–13. Hapa Mungu anawapa watu wake sheria kuhusu mtu aliyepewa mali ya mwenzake aitunze, na ukisoma polepole utaona kwamba sheria hiyo inauliza maswali. Mnyama amekufa mwenyewe, au ameumia, au amechukuliwa pasipo shahidi? Basi mtunzaji ale kiapo mbele za Bwana, na mwenye mali akubali, asilipwe. Ameibwa kutoka kwa mtunzaji? Hapo mtunzaji alipe. Ameraruliwa na mnyama wa mwitu? Alete mabaki yawe ushahidi, na hatalipa. Ndiyo maana Amosi 3:12 inamtaja mchungaji anayeokoa kutoka kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio. Kile kipande cha sikio kilikuwa na kazi. Kilikuwa ni OB yake.

Wengine mtasema, “Lakini ndugu, Kutoka inasema akiibiwa alipe.” Kweli inasema, na sitaificha. Mchungaji aliyepewa kazi ya kulinda na akazembea anabeba sehemu yake. Lakini dereva aliyeajiriwa kuendesha, akapewa masaa ambayo hakuna mwanadamu anayeweza kuyamaliza bila kulala, halafu akalala, je, huyo amezembea au amefanywa azembee? Swali hilo Labani halitaki. Sheria ya Mungu inalitaka, na ndiyo tofauti yao.

Na sheria ya nchi yetu, katika jambo hili, imesimama karibu na Kutoka kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, lakini pale tu ambapo mfanyakazi alifanya kosa kwa makusudi. Na makato yote yakijumlishwa hayafai kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kifungu cha 9 kinasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kuna siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi, yenye malipo, baada ya mwaka mmoja. Mwajiri hawezi kukufukuza kwa kosa bila kukueleza kosa lenyewe na kukusikiliza, ukiwa na mwenzako wa kukusindikiza. Na madai ya kazi yana miaka mitatu ya kufikishwa mahakamani, kwa hivyo wewe uliyefutwa kwa simu mwaka jana, bado saa yako haijaisha. Nenda ofisi ya kazi ya serikali. Kuna pia chama cha wafanyakazi cha madereva wa safari ndefu. Mtu aliyeokoka kujiunga na chama si dhambi. Nimeulizwa hilo zaidi ya mara moja.

Hapa nataka tukae kidogo na usingizi wa Yakobo, maana watu huupita.

Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya jumla ya masaa manane katika masaa 24. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Gari ndogo inamaliza mchana mmoja. Trela yenye shehena inapanda Mlima Kiu kwa mwendo wa mtu anayetembea, inasimama mizani ya Mariakani, na zamani ilisimama tena mizani ya Mlolongo. Na hilo jina Mlolongo mnajua lilitoka wapi: ni ile foleni ya malori yaliyongoja kupimwa. Mji mzima umepewa jina la kungoja. Lakini dereva wengi hawalipwi kwa kungoja, wanalipwa kwa safari. Ukiambiwa utapata mileji yako ukifikisha, kila saa unayolala unajilipia mwenyewe. Kwa hivyo halali. Anatafuna miraa, anafungua dirisha apigwe na upepo, anaimba pambio peke yake. Halafu ajali ikitokea tunasema pepo wa ajali wako barabara ya Mombasa, tunakwenda kukemea. Kemeeni, mimi pia nakemea. Lakini ile ratiba iliyoandikwa yadini haikuandikwa na pepo.

Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona. Mwezi wa Mei mpaka wa Tanzania ulifungwa isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva akatakiwa kupimwa kwanza. Malaba na Namanga malori yalipangana kilomita baada ya kilomita. Watu walilala ndani ya kebini siku nyingi, hakuna choo, maji ya kununua, na vijijini watu wakiwakimbia kwamba wao ndio wanaleta ugonjwa. Unga, mafuta na dawa ziliendelea kufika madukani. Tuliwashukuru madaktari kanisani, na ilikuwa vyema. Sikumbuki tukiwasimamisha madereva. Na siku zile za foleni, kwa aliyelipwa kwa safari, zilihesabiwa sifuri.

Kumbukumbu la Torati 5:14, Mungu anapoagiza Sabato, hasemi tu “wewe pumzika.” Anamtaja mtumwa na mjakazi, anataja mpaka ng'ombe na punda. Yaani Bwana aliangalia akaona kuna tajiri atakayepumzika huku punda wake akiendelea kubeba, akaona hiyo si Sabato. Lori ikiwa njiani Jumapili saa nne asubuhi na mwenye lori yuko kwenye kiti cha mbele akiinua mikono, hilo ni jambo la kuangalia.

Na hapo wapendwa ndipo somo linakuja nyumbani. Tunaposikia habari za kampuni za malori tunafikiria zile kubwa, zenye magari mia na jina limeandikwa ubavuni. Lakini hapa kwetu nani anabeba mchanga kutoka mitoni kupeleka Nairobi? Nani anabeba saruji kutoka Athi River? Nani ana kenta ya maembe? Ni sisi. Lori moja, mbili, zilizonunuliwa kwa mkopo wa sacco. Dereva ni kijana wa hapa hapa, mara nyingi wa kanisa hili hili, na taniboi ni mdogo wake. Mkataba hakuna, kwa sababu “sisi ni ndugu katika Bwana.” Hayo ndiyo maneno ya Mwanzo 29. Undugu ulimfanya Labani ataje mshahara, haukumfanya aulipe.

Mimi mwenyewe nina lori moja ya mchanga. Mwaka juzi tairi ilipasuka ikiwa imebeba, nikamkata dereva nusu ya bei ya tairi mpya. Wiki hiyo hiyo nilitoa shukrani hapa mbele kwamba Bwana amebariki biashara. Nilipokuwa natayarisha somo hili, nikafika Kutoka 22, nikashindwa kuendelea kuandika. Nilimwita nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, ilipasuka vipi. Hakukasirika. Akasema, “Mzee, nilikuambia mara mbili hiyo tairi imeisha.” Nikatafuta kwenye simu, na ujumbe wake uko, na chini yake jibu langu: “Vumilia mwezi huu.” Alivumilia, halafu nikamkata kwa kuvumilia. Nimemrudishia nusu ya pesa ile, nyingine namaliza mwisho wa mwezi. Siandiki hivi ili nisifiwe. Naandika kwa sababu Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo inafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Nilikuwa nikiomba usiku, kumbe kuna sauti nyingine inatangulia maombi yangu.

Tusimalize bila kumgusa dereva, maana Yakobo naye hakuwa malaika. Someni sura ya 30 muone zile fito alizochuna gome akaziweka mbele ya mifugo. Kuna madereva wanaonyonya dizeli wakauza kando ya barabara, wanaobeba abiria kwa siri, wanaosema tairi imepasuka kumbe imeuzwa. Mwenye gari akiibiwa mara tatu, ya nne hatauliza tena, ataanza kukata tu. Ndugu dereva aliyeokoka, uaminifu wako ndio ushahidi wa mwenzako. Yakobo aliweza kusimama mbele ya Labani na kusema, “Pekua mizigo yangu.” (Kwa kweli Raheli alikuwa amekalia vinyago vya baba yake, lakini hiyo ni somo la siku nyingine.)

Mstari wa 43 mara nyingi hatuuhubiri. Yakobo amemwaga moyo wake wote, miaka 20, na Labani hajibu hata hoja moja. Anasema tu kwamba mabinti ni wake, watoto ni wake, mifugo ni yake, kila kinachoonekana ni chake. Ni lile jibu la yadini: “Gari ni yangu.” Lakini usiku uliotangulia Mungu alikuwa ameshasema na Labani ndotoni, kabla Yakobo hajafungua mdomo. Kesi ilisikilizwa akiwa bado njiani.

KWA MAJADILIANO. Kila ushirika uanze kwa kumpa nafasi dereva, taniboi au mke wa dereva aliye katikati yenu aongee bila kukatizwa, hata kama ni dakika kumi. Halafu mjadili: katika Kutoka 22, ni maswali gani mwenye mali anapaswa kuuliza kabla hajasema “utalipa”? Wenye magari, mara ya mwisho ulipokata mshahara wa mtu, uliuliza lipi kati ya hayo? Na je, dereva wako ana karatasi yoyote yenye sahihi yako? Madereva, kuna hasara yoyote uliyomdanganya mwajiri? Utaanzia wapi kuitengeneza?

MAOMBI YA WIKI. Waombeeni waliofutwa bila kusikilizwa, na wajane wa barabara ya Mombasa waliomo katika kanisa letu. Ndugu wawili wanaojua kuandika mikataba wamejitolea kusaidia bure yeyote mwenye lori anayetaka kumwandikia dereva wake. Watakuwa ofisi ya kanisa Jumatano jioni baada ya maombi. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.