NGOZI YETU: TUILISHE, TUSIICHUBUE



Mara hii hatutasema juu ya mitihani. Tutasema juu ya ngozi. Sisi viongozi wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho tulinyamaza muda mrefu juu ya jambo hili. Mwenzetu mmoja alikuwa anakuja darasani na kitambaa shingoni hata siku za joto. Siku alipokitoa, tuliona ngozi imeungua na iko na madoa meusi. Miezi mingi alikuwa anajipakaa kremu ya kuchanganywa, ya mu kikopo bila jina. Tulimuuliza: «Dada, nani alikuambia utumie hii?» Akajibu: «Ni ninyi. Mulikuwa munaniita Makala.» Tukakosa neno. Ndiyo sababu tunaandika.

1. Kazi ya ngozi

Ngozi inakinga mwili juu ya vumbi, vijidudu na jua. Ndani yake kuko rangi inayoitwa melanini. Weusi si uchafu, ni mwavuli. Wenzetu wenye ualbino karibu hawana mwavuli ule. Kwa hiyo wanahitaji kofia pana na nguo ya mikono mirefu, na sisi tuwaachie nafasi ya kivulini.

2. Ndani ya kremu za kuchubua kuko nini?

Mara mingi kuko moja ya sumu hizi, ao mbili pamoja:

(a) Hidrokinoni. Inazuia mwili kutengeneza melanini. Mwanzo uso unang'aa, kisha madoa ya bluu-nyeusi yanatokea, nayo ni magumu sana kuondoa. Waganga wa Afrika Kusini waliandika juu ya ugonjwa huo mu mwaka 1975. Inchi ile ilikataza hidrokinoni mu kremu mu 1990, na Umoja wa Ulaya ukaikataza mu vipodozi mu 2001.

(b) Zebaki, ndiyo merkuri. Inapita ngozini, inaingia mu damu na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata wa 2013, ulioanza kazi mu 2017, unakataza vipodozi vyenye zebaki.

(c) Kortikoidi. Hii ni dawa ya kweli, lakini ya munganga. Ukiipakaa kila siku bila shauri, ngozi inakuwa nyembamba sawa karatasi. Kidonda kinakawia kupona, na siku ya kupasuliwa munganga anapata shida kushona.

Aliyekwisha kuzoea kremu kali asiitupe leo na kukaa kimya. Ngozi inaweza kuvimba na kuwasha zaidi. Aende kwa munganga na kikopo chake mkononi.

3. Ngozi inakula ku sahani

Bukari peke yake haitoshi. Mahindi yako na vitamini moja inaitwa niasini, lakini imefungwa, mwili haiipati vizuri. Anayekula mahindi tu siku zote anaweza kupata pelagra: ngozi ya shingo na mikono inakuwa nyeusi na kupasuka mahali jua linapofika. Mu 1915 munganga Joseph Goldberger wa Marekani alionyesha kwamba chakula kibaya ndicho kinaileta, si vijidudu. Mu 1937 Conrad Elvehjem akatambua kwamba niasini ndiyo iliyokosekana.

Basi, pamoja na bukari tutafute karanga, maharagi na ndakala. Tule na lengalenga na matembele. Mafuta ya mawese nayo iko na rangi nyekundu ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na ngozi inaihitaji. Lakini mama akiichoma mpaka inakuwa nyeupe, ile rangi imekufa.

4. Tupakae nini?

Mu kipwa, hasa mwezi wa sita na wa saba, baridi na upepo kavu vinapausha miguu ya wote. Hapa dawa haihitaji franka mingi:

– Koga na sabuni kidogo, usisugue na jiwe.
– Jifute nusu, na wakati ngozi iko na maji bado, pakaa mafuta kidogo. Mafuta ya manyanga, ya mbegu za ngazi, inafaa.
– Mafuta mapya, jaribu kwanza ndani ya mkono, ngoja siku mbili.
– Ndimu usipakae: ndimu pamoja na jua inaunguza.

Tena mbegu zile zinabaki kisha kukamua mawese. Mtu anayezitumia hakati mti hata mmoja: mngazi unasimama na mwaka kesho unazaa tena. Miti yetu imekwisha kuteswa na makala, tusiiongezee mzigo.

5. Maulizo ya darasani

1) Kwa nini kremu inang'arisha kwanza, kisha inaleta madoa?
2) Sahani yako ya jana ilikuwa na nini zaidi ya bukari?
3) Ni jina gani la kuchekea rangi ambalo wewe umelitumia mu shule hii?

Ulizo la tatu tulijibu sisi wa kwanza, na tulienda kumuomba mwenzetu musamaha. Kitambaa amekitoa. Madoa yangali, anafuata matunzo ku hospitali. Jina la Makala tumelizika, na yeyote atakayelifukua katika lupango hii atakuja kuonana na sisi.

Viongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho
Kenya, Lubumbashi