Ukame na Mwenendo wa Swala

Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba katika muda wa miezi tisa ukame ulikuwa umeua nyumbu 512 na twiga 12. Nyumbu ni wengi kuliko twiga, hivyo hesabu hiyo peke yake haitoshi kulinganisha hatari. Hata hivyo inaelekeza kwenye swali muhimu. Nyumbu hula nyasi, ambazo hunyauka upesi. Twiga hula majani ya miti yenye mizizi mirefu. Ili kufahamu mwenendo wa nyumbu, swala na jamaa zao wakati wa ukame, yafaa kuchunguza mapato na matumizi yao ya maji.

Mapato

Kuro hukaa karibu na maji, kwani mwili wake hupoteza maji mengi hata anapokosa ya kunywa. Swala pala hula zaidi nyasi wakati wa mvua. Kiangazi kikizidi hugeukia majani ya vichaka, yenye maji zaidi kuliko nyasi kavu. Choroa huweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Akila usiku hufaidika, kwa sababu majani makavu hufyonza unyevu wa hewa usiku na kuupoteza tena jua linapopanda.

Matumizi

Mchana swala wengi hupumzika kivulini. Katika majaribio yaliyofanywa Kenya miaka ya 1960, mwanasayansi C. Richard Taylor aligundua kwamba choroa aliyepungukiwa na maji huacha joto la mwili wake lipande hadi kiasi cha digrii 45 za Sentigredi, badala ya kutoa jasho. Usiku joto hilo hutoka bila kutumia maji. Damu iendayo kwenye ubongo hupita katika wavu wa mishipa midogo, ikapozwa na damu itokayo puani.

Faida yake yaweza kukadiriwa. Kilo moja ya mwili huhitaji kama kilojuli 3.5 ili joto lipande digrii moja. Choroa wa kilo 100 akipanda digrii 6, huhifadhi kilojuli 100 × 3.5 × 6 = 2100. Kugeuza lita moja ya jasho kuwa mvuke huhitaji kama kilojuli 2400. Basi ameokoa karibu lita 0.9 za maji.

Funzo

Ni dhahiri kwamba kuchimba kisima peke yake hakutoshi. Wanyama wa porini na mifugo hukusanyika hapo, nyasi za karibu zikaisha. Mnyama alazimikaye kunywa kila siku hawezi kwenda mbali kutafuta malisho. Huweza kufa kwa njaa hali maji yako mbele yake.

Maswali

1. Kadiria maji anayookoa choroa wa kilo 150 joto lake likipanda digrii 4.
2. Kwa nini kisima kipya humfaa kuro kuliko choroa?