Sabuni na Maji ya Kisima

Leo tujifunze habari ya sabuni. Mara nyingi tunasikia mama akilaumiwa nyumbani: "Sabuni ya juzi imekwisha tayari?" Pengine kosa si lake. Kosa ni la maji.

Maji ya visima vingi yamepita katika mawe na udongo, yakabeba chumvichumvi za chokaa na magnesi. Maji hayo huitwa maji magumu. Ukitia sabuni, chumvi hizo huishika kwanza, nayo huganda kuwa utando mweupe. Utando huo hausafishi, tena hung'ang'ania nguo. Povu halitoki vizuri mpaka chumvi zote zimekwisha kushikwa.

Tujaribu. Chukua chupa mbili. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya kisima, kiasi sawa. Katika kila moja tia kipande kidogo cha sabuni, sawasawa, kisha tikisa. Povu jingi liko wapi?

Tufanyeje? Tukinge maji ya mvua ya kufulia. Au tutie magadi kidogo katika maji ya kisima, tukoroge, tungoje chumvi zitue chini, ndipo tufue.

Swali: Kwa nini sabuni hupotea bure katika maji magumu?