SOMO: DHAMBI INATOKA WAPI?

Kusoma: Mwanzo 3, Marko 7:20-23, Warumi 5:12-19

Mahindi ya jirani yakiibwa hapa Rwimbogo, mmoja husema, "Ni vita." Mwingine, "Ni shetani." Wa tatu hunong'ona, "Ni kabila lake, wamezaliwa hivyo." Hilo la tatu ndilo linaloua.

Edeni hapakuwa na vita wala njaa. Nyoka alishawishi, lakini hakumshika Hawa mkono. Yesu anafundisha kwamba uovu hutoka ndani, moyoni.

Moyo huo tumeupata wapi? Paulo anajibu: kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, ikawafikia wote. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Algeria, alilitetea neno hilo mbele ya Pelagio, aliyesema kila mtoto huzaliwa katika hali ya Adamu kabla ya kuanguka. Mwaka 418 maaskofu walikutana Karthago, Afrika hiyohiyo, wakayakataa mafundisho ya Pelagio.

Tazameni neno "wote". Adamu hakuwa na kabila! Mwaka 1994, hapahapa Rusizi, watu waliokimbilia parokia ya Mibirizi waliuawa, katika nchi ya waliobatizwa. Wauaji walikuwa wamefundishwa kwamba ubaya umo katika damu ya jirani.

Wala tusimsingizie Adamu. Ezekieli 18 inakataa mwana kubebeshwa uovu wa baba. Tumerithi moyo uliopinda. Mahindi tunaiba wenyewe.

Swali la nyumbani: Watoto wakiuliza nani alitufukuza kwetu, tunawajibu kwa kutaja matendo au kabila?