Mwili Uliofichwa na Ugonjwa wa Akili: Kwa Nini Mwenye Baipola Hufariki Mapema
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Mbeya na Iringa

Ugonjwa wa kupanda na kushuka

Baipola ni ugonjwa wa akili unaomvuta mtu kwenye ncha mbili za hisia. Anapopanda, hulala saa mbili au tatu na kuamka bila uchovu, huongea bila kituo, hujiona hana mfano wake, na mkono wake huwa mwepesi kwa fedha: viazi huuzwa vikiwa bado ardhini, ng'ombe hutoka zizini kwa bei ya kutupa, mikopo huchukuliwa kwenye vikoba vitatu kwa juma moja. Anaposhuka, hali ambayo wataalamu huiita sonona, kuinuka kitandani humshinda, chakula hukosa ladha, jembe hulala, na mawazo ya kufa huanza kubisha hodi. Baina ya vipindi hivyo anaweza kurudi sawasawa, akalima, akafundisha darasani au akaendesha genge lake kama jirani yeyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Kwa hiyo si ajabu ukaukuta Tukuyu, Mafinga au Kilolo, hata pale ambapo jina lake halijulikani na watu husema tu kwamba fulani "anaumwa kichwa".

Familia ikishaona vurugu za kupanda na kimya cha kushuka, hudhani imeuona ugonjwa wote. Hoja ya kijitabu hiki ni kwamba haijauona wote. Mwenye baipola hupoteza sehemu kubwa ya miaka yake kwa magonjwa yale yale yanayoua watu wengine: moyo, kisukari, mapafu, maambukizi. Kinachomtofautisha ni kwamba yake hugunduliwa kwa kuchelewa, kwa sababu kila anayemtazama huishia kuona akili tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mgonjwa hakuficha kitu. Ugonjwa mmoja umejificha nyuma ya mwingine.

Miaka inaishia wapi

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofuatilia kumbukumbu za watu wazima zaidi ya milioni 6 wa Uswidi, miongoni mwao zaidi ya 6,600 wenye baipola. Wanawake wenye ugonjwa huo walifariki wastani wa miaka 9 mapema kuliko wananchi wengine, na wanaume miaka 8 na nusu. Kujiua kulikuwamo, tena kwa wingi wa kutisha: mara 10 ya kawaida kwa wanawake na mara 8 kwa wanaume. Hata hivyo orodha ya vifo haikuishia hapo. Ilibeba magonjwa ya moyo, kisukari, magonjwa sugu ya mapafu, mafua makali na nimonia, na ajali.

Jambo lenye mafunzo zaidi katika utafiti huo ni jingine. Watafiti waliwatenga wagonjwa ambao kisukari, ugonjwa wa moyo, wa mapafu au saratani yao ilikuwa imegunduliwa mapema, wakawalinganisha na wale ambao haikugunduliwa. Kwa wasiogunduliwa, hatari ya kufa kwa magonjwa hayo ilizidi mara mbili ya watu wasio na baipola. Kwa waliogunduliwa, hatari ilizidi kwa takriban asilimia 40 tu. Pengo halikufutika, ila lilipungua sana. Maana yake ni kwamba kipimo cha presha au cha sukari, kikifanywa kwa wakati, kina uzito mkubwa katika umri wa mgonjwa wa akili.

Msomaji makini atasema: kuhusiana si kusababisha. Huenda umaskini ndio unaoleta vyote viwili, ugonjwa wa akili na kifo cha mapema. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Baipola humfukarisha mtu, na ufukara humpunguzia chakula, nauli ya hospitali na usingizi. Vilevile mwili unaokesha majuma mengi na kubeba msongo mkubwa huchoka mishipa na moyo. Nyuzi hizi zimesokotana, na hakuna anayedai kuzichambua zote. Lakini kaya haihitaji kusubiri zichambuliwe. Ikiwa kugundua presha mapema hupunguza vifo, basi hapo ndipo pa kuanzia, iwe chanzo ni umaskini, damu ya ukoo au ugonjwa wenyewe.

"Hiyo ni Ulaya, siyo kwetu"

Uswidi ina hospitali kila kona na kumbukumbu za kila raia, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza kama matokeo yake yanatuhusu. Jibu la karibu zaidi linatoka Butajira, eneo la wakulima kusini mwa Addis Ababa nchini Ethiopia, ambalo kwa maisha yake halitofautiani sana na vijiji vyetu vya nyanda za juu. Huko watu 919 wenye magonjwa makali ya akili, yaani skizofrenia, baipola na sonona kali, walifuatiliwa kwa miaka 10. Waliofariki walikuwa 121, kiwango kinachokaribia mara mbili ya kile cha watu wengine, na walikufa takriban miongo mitatu kabla ya umri waliotarajiwa kufika. Karibu nusu ya vifo hivyo vilitokana na maambukizi. Kwa hiyo kwetu pengo linaweza kuwa pana kuliko la Ulaya, na sura yake ni tofauti: kabla moyo haujachoka, nimonia, kifua kikuu au malaria huwahi.

Tuyaweke hayo juu ya ramani yetu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022–2023 ulikuta asilimia 11.1 ya watu wa Iringa wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi hivyo, na Mbeya asilimia 9.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Mtu aliyepanda hujiona hawezi kudhurika, na tahadhari ya ngono huwa ya kwanza kuachwa. Aliyeshuka huacha kwenda kliniki ya VVU (CTC) na kusahau vidonge. Ongeza baridi ya Juni na Julai, watu wakiota moto wa kuni katika chumba kisicho na dirisha, na sigara ambazo wagonjwa wengi huzivuta kutuliza wasiwasi. Ongeza pia mgonjwa anayefungwa kamba chumba cha uani, anayekula kwa zamu na kulala sakafuni. Akikohoa majuma mawili, nani atampeleka kupima makohozi?

Huduma zenyewe zimechangia kuutenga mwili na akili. Waingereza walipofungua hospitali ya akili ya Mirembe kule Dodoma mwaka 1927, ugonjwa wa akili ulijengewa makazi yake mbali na nyumbani, na tabia ya kufikiri hivyo haijaisha. Leo huduma ya afya ya akili inapatikana Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, lakini bado mgonjwa akilalamika kifua kinambana, wapo watakaosema "ni mambo yake yale". Sentensi hiyo fupi imewachelewesha wengi.

Pombe, ajali na kujiua

Pingamizi zito zaidi linatoka Finland. Utafiti wa mwaka 2023, uliohusisha watu zaidi ya 47,000 wenye baipola, wenye miaka 15 hadi 64, ulionyesha kuwa hatari ya kufa kwa sababu za nje, kama ajali na kujiua, ilikuwa mara 6 ya kawaida, na ya magonjwa ya mwili mara 2. Je, basi kupima presha si kupoteza muda, na nguvu zote ziende kuzuia kujiua? Hapana. Katika utafiti huo huo, takriban watu 6 kati ya kila 10 waliofariki waliuawa na magonjwa ya mwili, na miongoni mwa magonjwa hayo pombe ndiyo iliyoongoza, ikiupita hata moyo kidogo. Kinga zote mbili zinahitajika, na mlango wa pombe unafungua pande zote mbili.

Kwetu mlango huo tunaujua. Masika yakiingia ulanzi hugemwa Iringa hadi Mufindi, komoni haina msimu, na Mbeya kuna kimpumu. Mtu aliyeshuka hunywa apate kusahau; aliyepanda hunywa kwa sababu breki zimekatika. Kumlaumu kwamba amejitakia ni kuchanganya dalili na dhambi. Pombe huvuruga usingizi, usingizi ukivurugika ugonjwa hurudi, na dawa nyingi za akili zikikutana na pombe humlegeza mtu kupita kiasi. Huyo huyo akipanda bodaboda kwenye barabara kuu ya Tunduma, yenye malori mchana na usiku, hatari haihitaji maelezo.

Kuhusu kujiua, kaya ina uwezo mkubwa kuliko inavyodhani. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupita ikiwa njia ya kujidhuru haiko mkononi. Sumu za wadudu zinazotumika kwenye viazi na nyanya zifungiwe kwa kufuli, na akiba ya dawa ashike mtu mwingine. Kumuuliza mgonjwa moja kwa moja kama anawaza kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi huzifanya familia zifiche. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba. Hofu ya kisheria isizuie matibabu ya dharura: uhai kwanza.

"Si dawa zenyewe zinazowaua?"

Baadhi ya dawa huongeza uzito na sukari, olanzapini ikiwa mojawapo, na valproeti nayo hunenepesha. Litiamu, ambayo tangu mwaka 1949 imejulikana kutuliza kupanda na baadaye ikaonekana kupunguza vifo vya kujiua, huhitaji kupimwa damu na figo mara kwa mara. Lakini madhara yanayopimika hudhibitika. Kuacha dawa kimyakimya hurudisha ugonjwa, na ugonjwa hurudi na hatari zake zote. Jibu la dawa inayonenepesha ni mizani na mazungumzo na daktari, aweze kupunguza au kubadilisha.

Mambo mawili yasemwe wazi kwa mhudumu. Kwanza, kabamazepini, dawa nyingine ya baipola, hupunguza nguvu ya dolutegraviri, iliyomo katika vidonge vya VVU vinavyotumika sana sasa. Anayetumia zote aseme pande zote mbili, kliniki ya akili na CTC, ili kipimo kirekebishwe. Pili, valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na Shirika la Afya Duniani linashauri isitumiwe na wanawake wanaoweza kushika mimba. Anayeitumia asiiache mwenyewe. Awahi kuuliza kuhusu dawa nyingine.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa kulogwa au mapepo, hospitali haiuwezi. Kijitabu hiki hakimkatazi mtu kusali. Kinauliza tu: hata kama mtu anaamini chanzo ni uchawi, je, presha yake imepimwa? Sala haigombani na kipimo. Kinachoua ni agizo la kuacha dawa, kufunga kula siku nyingi, au kukaa miezi kwa mganga huku kikohozi kikiendelea.

Kazi ya kaya

Haya yote yanaishia kwenye daftari moja. Siku mgonjwa anapoanza dawa, yaandikwe uzito, presha na sukari. Yarudiwe baada ya miezi mitatu, kisha angalau kila mwaka, pamoja na kipimo cha VVU kwa ridhaa yake. Zahanati inaweza kupima mengi ya hayo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kukumbusha tarehe. Gharama zikizidi, ofisa ustawi wa jamii wa hospitali aulizwe kuhusu msamaha. Mtu mmojawapo, awe mke, kaka au shangazi, aangalie usingizi: siku mbili tatu za kukesha bila kuchoka ni ishara ya kumwona mhudumu kabla viazi havijauzwa. Akiwa mzima, mgonjwa mwenyewe aulizwe anataka afanyiwe nini akipanda, na neno lake liandikwe humo.

Na siku atakaposema kifua kinambana, asijibiwe kwamba ni mambo yake yale. Apelekwe akapimwe kifua, kama ambavyo angepelekwa mwingine yeyote wa nyumba hiyo.